Parseli kwa Jina la Familia: Kodi Gani, kwa Jina la Nani, Mara Ngapi

Ndugu wanne, wakubwa na wadogo, wanachanga feza kununua parseli, yaani kiwanja, Lubumbashi, Kongo. Mmoja anafanya kazi Johannesburg, mmoja yuko Kolwezi, wawili wamebaki mjini, mmoja Kampemba na mwingine komini ya Kenya. Bei wamekubaliana, muuzaji ana makaratasi. Ndipo yule wa Johannesburg anasema: tusiandike jina la mtu mmoja, tuiweke kwenye trust ya familia (mpango wa kisheria ambapo wasimamizi wanashika mali kwa faida ya wengine) kama watu wa huku wanavyofanya, halafu tuulize kodi ya mauzo ni kiasi gani.

Kwa Afrika Kusini wazo hilo ni la kawaida. Huko familia huandika hati ya trust, wasimamizi wake hupewa barua ya mamlaka na Master of the High Court, na trust hununua nyumba kwa jina lake. Kodi yake pia inajulikana: kama muuzaji ameandikishwa kwa VAT na anauza katika biashara yake, mnunuzi analipa VAT ya 15%, kama sivyo, analipa kodi ya kuhamisha mali. Ni moja au nyingine, si zote mbili.

Lubumbashi mlango huo haupo. Sheria ya Kongo imetoka katika ukoo wa sheria ya Ubelgiji, na haina trust inayoweza kumiliki udongo. Sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambazo Kongo inazifuata tangu Septemba 2012, zina kitu kinachofanana nayo kidogo, lakini ni cha feza iliyowekwa benki kama dhamana ya deni. Parseli haingii humo. Konservateri wa ardhi, yaani afisa wa Serikali anayeandika na kutunza sertifika za ardhi, anaandika jina la mtu, au la kampuni au shirika lenye utu wa kisheria, basi. Mkimpelekea hati ya trust iliyosainiwa Johannesburg, hana mahali pa kuiandika.

Kwa hiyo hesabu ya kodi haianzi na asilimia. Inaanza na jina litakaloandikwa, kwa sababu jina ndilo linaloamua kama mtalipa mara moja, mara mbili au mara tatu kwa parseli ile ile.

Mnachonunua hasa

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema udongo wote ni wa Serikali na hauuziki. Raia anapewa konsesyo, yaani haki ya kuutumia. Konsesyo ni za namna mbili. Ya milele hupewa mtu binafsi Mkongomani peke yake. Ya kawaida inaweza kupewa mgeni, kampuni au shirika. Muda wake haupiti miaka 25, ingawa unaweza kurudishwa upya, na kila mwaka Serikali inadai redevansi yake, yaani malipo ya kuutumia udongo.

Haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji, yenye namba ya volume na ya folio (kitabu na ukurasa wake kwenye ofisi ya ardhi). Fiche parcellaire (karatasi ya kiwanja inayotolewa na komini), mkataba ulioandikwa kwa mkono mbele ya mkubwa wa kartye, au risiti za chifu kule komini ya Annexe vinaonyesha tu kwamba mtu anajulikana pale. Sertifika si hizo. Anayenunua parseli ya fiche amenunua nafasi ya kwenda kuomba konsesyo, na gharama za safari hiyo (kupima, kuweka mipaka, mkataba na Serikali, sertifika yenyewe) zote ziko mbele yake. Parseli ya fiche inapoonekana rahisi kuliko ya jirani yenye sertifika, mara nyingi tofauti ya bei ndiyo hizo gharama.

Angalieni uraia pia. Katiba inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Ndugu aliyechukua uraia wa Ubelgiji au wa Afrika Kusini kwa hiari yake si Mkongomani tena mbele ya konservateri, hata kama amezaliwa Katuba. Jina lake likiwa kwenye sertifika, konsesyo haiwezi kuwa ya milele. Mliseme hilo mezani kabla ya kuchanga.

TVA inaingia wapi

Wengi wakisikia kodi ya mauzo wanafikiri TVA (VAT ya Kongo), ile 16% iliyoanza tarehe 1 Januari 2012. TVA inamfuata mfanyabiashara aliyeandikishwa kuilipa. Mama anayeuza parseli aliyoachiwa na mume wake hatozi TVA, na mtu akiwaambia mwongeze 16% juu ya bei yake, mwambieni aonyeshe namba ya kodi ya muuzaji na faktura. Hatakuwa nazo.

Mambo yanabadilika muuzaji akiwa kampuni inayokata viwanja au kujenga nyumba na kuziuza. Hapo muulize kabla ya kusaini kama bei ni pamoja na TVA au bila TVA, na jibu liandikwe ndani ya mkataba. Nyumba iliyotangazwa kwa dola 60,000 bila TVA inaweza kuwa dola 69,600 siku ya faktura. Familia si mfanyabiashara wa TVA, kwa hiyo hizo 9,600 hazirudi. Ni gharama yenu moja kwa moja. Faktura za avoka, za jiometa wa binafsi na za saruji pia zinaweza kuwa na TVA ndani yake. Karatasi za Serikali kwenye biro ya ardhi hazina.

Feza kubwa iko kwenye mutasyo

Kodi inayolingana na kodi ya mauzo ya ardhi ni haki ya uandikishaji inayolipwa wakati wa mutasyo, yaani kufuta sertifika ya muuzaji na kutoa mpya kwa jina la mnunuzi. Ni asilimia ya thamani ya mali. Kiwango kinawekwa na arete, yaani agizo la maandishi, ya mawaziri, wa Ardhi na wa Feza, na kinabadilishwa mara kwa mara. Ombeni kuiona arete inayotumika siku hiyo, msikubali namba ya mdomo. Juu ya asilimia hiyo kuna malipo ya kiasi maalum: kuthibitisha mkataba, kupima na kuweka mipaka, karatasi ya sertifika.

Asilimia inahesabiwa juu ya thamani ambayo ofisi inaikubali. Mkiandika dola 15,000 kwa parseli ya dola 40,000, wanaweza kutuma mtaalamu akaandika thamani yake, na hesabu ikafuata karatasi ya mtaalamu. Hila hiyo ina ubaya mkubwa zaidi. Ikitokea baadaye kwamba muuzaji hakuwa na haki ya kuuza, mkaenda mahakamani kudai feza zenu, karatasi yenu inasema mlilipa 15,000. Zile 25,000 nyingine mtazidai kwa ushahidi gani? Kuokoa dola mia chache za kodi kwa kuhatarisha elfu ishirini na tano ni biashara mbaya, na bado komisyoneri (madalali) wengi wanaipendekeza kama msaada.

Njia ya malipo ni hii. Biro ya ardhi inahesabu na kuandaa faili. DGRAD, ofisi ya Serikali inayokusanya malipo hayo, inatoa karatasi iliyoandikwa juu yake *note de perception*, yaani noti ya kulipa. Mnalipa benki, mnarudi na bordero (risiti) ya benki, DGRAD inathibitisha kwamba feza imeingia, ndipo konservateri anaendelea. Hakuna hatua ambapo feza ya Serikali inapita mkononi mwa mtu. Komisyoneri ana haki ya komisyo yake, lakini hiyo si kodi. Ilipwe mbali na kwa karatasi yake.

Noti ikifika, isomeni kabla ya kwenda benki. Jina liwe la mnunuzi, si la muuzaji wala la anayepeleka feza. Liwe na nom, postnom na prénom, kwa mpangilio ule ule wa kwenye karte. Volume na folio ziwe za sertifika mliyoiona. Kosa la herufi moja kwenye noti linahamia kwenye sertifika, na kulirekebisha kunadai ombi jipya na malipo mapya. Familia nyingi zina ndugu ambaye karte yake ya uchaguzi inasema Kyungu, diploma inasema Kiungu, na paspoti haina postnom. Chagueni karatasi moja, iandikwe hiyo kote.

Njia nne za jina, na bei ya kila moja

Njia inayotumika zaidi ni kuandika jina la yaya, yaani ndugu mkubwa, peke yake, wengine wakimwamini. Ndiyo rahisi siku ya kwanza na ndiyo ghali kuliko zote baadaye. Tufanye hesabu tukichukua 3% kama mfano tu. Parseli ya dola 40,000, kila mmoja ametoa 10,000. Mutasyo kwa jina la yaya ni dola 1,200. Baada ya miaka, parseli ina thamani ya 70,000 na wanataka majina yote manne yaingie. Yaya anabaki na robo, anahamisha robo tatu: thamani 52,500, haki yake dola 1,575. Jumla 2,775, badala ya 1,200 ambazo zingetosha kama majina manne yangeandikwa tangu mwanzo. Na ofisi haina sababu ya kuwahurumia: kwenye karatasi yaya ndiye mwenye mali, sasa anaihamisha.

Hiyo ni kama yaya yuko hai. Akifa, kodi inakuwa tatizo dogo. Sheria ya familia ya 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu sawasawa: mume au mke aliyebaki, wazazi, na kaka na dada. Kundi la kaka na dada linapata sehemu moja ya kumi na mbili. Na kama yaya alikuwa ameoa bila kuchagua utaratibu wa mali, sheria inahesabu kwamba walikuwa na mali ya pamoja kwa kile walichopata ndani ya ndoa. Nusu ni ya mjane kabla ya urithi kuanza. Parseli ya 70,000: mjane 35,000, urithi 35,000, kundi la kaka na dada dola 2,917 za kugawana watatu. Walitoa 30,000.

Watu hujikinga kwa kuandika karatasi ya siri kati yao, kwamba yaya anashika tu kwa niaba ya wote. Ina nguvu kati ya walioisaini. Kwa benki iliyochukua parseli kama dhamana, au kwa mnunuzi aliyeona sertifika safi, haina nguvu. Waliosaini wanaweza kumdai yaya feza, udongo umekwenda.

Njia ya pili ni kuandika majina yote kwenye sertifika moja. Kwa familia nyingi ndiyo iliyo karibu zaidi na kile yule wa Johannesburg alichokuwa anataka. Mutasyo inalipwa mara moja, juu ya thamani yote. Majina manne hayazidishi asilimia kwa nne. Ombeni sehemu ya kila mmoja iandikwe: robo robo, au kama mmoja alitoa nusu, nusu yake ionekane. Ubaya wake ni saini. Kuuza au kuweka dhamana kunadai wote wanne, na walio na ndoa wanahitaji ukubali wa mume au mke, kwa sababu sheria ya familia inadai makubaliano ya wanandoa wote wawili kuhamisha konsesyo, hata kama wana mali mbalimbali. Aliye mbali atume prokirasyo maalum (hati ya kumpa mtu mwingine ruhusa ya kusaini kwa niaba yake), yenye kutaja parseli yenyewe kwa volume na folio, iliyothibitishwa ubalozini, Pretoria au Brussels. Prokirasyo ya jumla, ile ya "anishughulikie mambo yangu yote Lubumbashi", inarudishwa mlangoni.

Hapo andikeni pia mkataba wa ndugu, tofauti na wa kununua: nani anakaa, nani analipa kodi ya kila mwaka, anayetaka kutoka anawauzia wenzake kwanza kwa bei gani. Sheria haimlazimishi mtu kubaki kwenye mali ya pamoja milele. Bila mkataba, mmoja akichoka anaweza kuomba mgawo mahakamani, na parseli ndogo isiyogawanyika inaishia kuuzwa.

Njia ya tatu ni jina la mtoto mdogo. Wazazi wanaipenda wakiogopa madeni au ndoa ya pili. Mtoto anaweza kumiliki, lakini mali inakuwa yake kweli kweli. Mpaka atimize miaka 18 mzazi ni msimamizi tu. Hawezi kuiuza kama yake akipata shida. Na mkimpa mtoto parseli ambayo tayari ni yenu, hiyo ni zawadi: inadai mkataba rasmi na mutasyo yake. Kutoa bure hakufuti haki ya uandikishaji.

Njia ya nne ni kampuni, kwa kawaida SARL (kampuni ambayo wenye hisa hawawajibiki zaidi ya walichoweka), wakubwa na wadogo wakiwa na hisa. Hapa kuna faida moja ya kweli: mmoja akitoka au akifa, hisa ndizo zinazohama, sertifika inabaki kwa jina la kampuni. Kwa nyumba za kupangisha za thamani kubwa inaweza kufaa. Lakini kampuni haipewi konsesyo ya milele. Parseli iliyokuwa ya milele mikononi mwa muuzaji inaingia kwenye kampuni kama ya kawaida, miaka 25, na redevansi kila mwaka. Juu yake kuna hesabu za kila mwaka, deklarasyo za kodi hata mwaka usio na faida, na mhasibu wa kulipwa. Kwa parseli moja ya kujenga nyumba ya mama, SARL ni mzigo. Wengine wanasema tufungue ASBL ya familia kwa kuwa ni rahisi. Msifanye hivyo. Shirika lisilo la faida haligawii wanachama mali. Likifungwa, mali inaelekezwa kwa shirika lenye lengo linalofanana, si kwa watoto wenu.

Faili linakwama wapi

Mara nyingi linakwama mwanzoni kabisa, kwa sababu watu walilipa kwanza wakatafuta habari baadaye. Kabla ya feza kutoka, nendeni kwa konservateri na nakala ya sertifika, mwombe kitabu chenyewe kiangaliwe kwa volume na folio: jina la nani, kuna rehani, kuna zuio la mahakama? Lubumbashi ina zaidi ya sirkonskripsyo moja ya ardhi, yaani eneo lenye ofisi yake ya ardhi. Parseli inaandikishwa pale inapotegemea, na faili lililofunguliwa ofisi isiyo yake halifiki popote ingawa risiti ni za kweli.

Linakwama pia kwa muuzaji aliyerithi lakini sertifika bado ina jina la baba aliyekufa. Hapo zinahitajika mutasyo mbili: kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi, na karatasi ya mahakama inayowatambua, halafu kutoka kwa warithi kwenda kwenu. Swali la nani analipa ya kwanza linapaswa kujibiwa ndani ya mkataba. Muuzaji atasema bei ni ya chini kwa sababu ninyi mtalipa. Inawezekana ni kweli, lakini fanyeni hesabu ya zote mbili kabla ya kukubali, na feza yake ya mwisho ibaki mpaka sertifika ya warithi itoke.

Mkishapata sertifika mpya, miaka miwili ina maana kubwa. Baada ya muda huo anayedai udongo kwa kawaida hawezi tena kuuchukua, anabaki na haki ya kudai fidia. Mtu anayeahirisha mutasyo miaka kumi ili asilipe asilimia ile, saa hiyo haijaanza kuhesabu kwake.

Baada ya kununua, ofisi inabadilika. Kodi ya ardhi na majengo ya kila mwaka ni ya mkoa, na Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, inakusanywa na DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa, si na konservateri. Hao wawili hawapelekeani habari zenu. Pelekeni wenyewe nakala ya sertifika mpya, mkaulize kama muuzaji ameacha deni la miaka iliyopita. Mkipangisha, kodi ya pango ni 22%: mpangaji anayewajibika kukata anakata 20% na kuipeleka, mwenye nyumba anamalizia 2%. Kwa sertifika yenye majina manne, chagueni mmoja wa kupeleka deklarasyo kwa wote na awape wenzake nakala ya kila risiti, maana siku ya kuuza mnunuzi ataomba risiti zote, na ndugu aliyezipoteza ndiye atakayelipa faini mfukoni mwake kama mkataba wenu unasema hivyo.